Nalala Msituni, Lako Nini Mtaani

Nyumbani kwetu Bondeni watu husafiri kwa sababu tatu: harusi, maulidi na msiba. Harusi zimetufikisha Malindi, Vanga na hata Tanga. Maulidi ni ya Lamu, na msiba hauchagui. Kwa hivyo mume wangu aliposema, sinia la wali wa nazi likiwa katikati ya mkeka, kwamba likizo ya Agosti atatupeleka tukalale kwenye hema, msituni, kando ya bahari, mama yake alilirudisha tonge siniani akauliza: "Amekufa nani?"

Hakuna aliyekufa. Mume wangu hufanya kazi Kilindini, zamu ya usiku, na hurudi kutafuta usingizi saa ile mtaa unapoamka. Dirisha la chumba chetu linatazamana na dirisha la jirani, na baina yake ni uchochoro ambao mkokoteni wa maji ukipita, paka hana budi kupanda ukutani. Asubuhi ni huo mkokoteni na mitungi yake. Baadaye tuktuk mbili zinakutana katikati na kila dereva anamwambia mwenzake arudi nyuma. Jioni muuza kahawa anagonganisha vikombe, na usiku, hata siku ambazo mume wangu hayuko zamu, vijana wa barazani wanaicheza upya mechi ya Arsenal mpaka saa sita. Alichotaka mtu huyu ni kulala mahali ambapo sauti ni ya mawimbi na majani, basi. Yeye, mimi na watoto wetu watatu. "Watu watano," alisema waziwazi, na wifi yangu akacheka huko jikoni alikokuwa.

"Msituni kuna nini?" Mama aliuliza.

"Kuna miti, Mama. Kuna kivuli, kuna upepo."

"Mibuyu iko Mama Ngina. Nenda kaketi chini yake, ukichoka urudi ulale kitandani mwako."

Kwa kuwa hakusema hapana, mume wangu alichukulia amekubali, na mabishano yakahamia kwenye msitu gani. Kijana wetu mkubwa, ambaye shuleni ni mtu wa klabu ya mazingira, alitaka Arabuko-Sokoke: kilomita za mraba 420 za msitu wa pwani, mkubwa kupita yote iliyosalia upande huu wa Afrika, na hori la Mida liko jirani. Alituambia habari za sengi mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Angeishia hapo angeshinda. Lakini aliongeza kwamba kuna na bundi mdogo, hafiki hata sentimita ishirini, ambaye ulimwenguni anapatikana mahali pachache tu, msitu huo na milima ya Usambara pakiwemo, na kwamba Wazungu hupanda ndege kuja kumtazama.

"Bundi," alisema Mama. "Tutoe pesa, tuende kwa miguu yetu, tukamtafute bundi."

Kijana alijaribu kuokoa mambo kwa kutaja magofu ya Gede, yaliyo pembeni mwa msitu huo huo, mji wa mawe uliohamwa karne nyingi nyuma na ambao serikali inaulinda tangu miaka ya 1920. Hapo ndipo alipouzika kabisa msitu wake. Kwa Mama, mji uliohamwa na watu haubaki mtupu. Walioingia baada ya watu anawajua kwa makabila yao, na hana haja ya kulala nao ujirani.

Shimba Hills ilipata kura moja, ya mume wangu, kwa sababu ya palahala, ambao Kenya hii hawako kwengine. Lakini bahari pale huiona kwa mbali tu, kutoka kilimani, na masharti yalikuwa msitu na bahari pamoja. Diani nayo ilianguka kwa sababu ya Kaya Kinondo, msitu mtakatifu. Nyanyake Mama kwa upande wa mamake alikuwa Mdigo wa kule, na aliposikia "msitu wa Diani" yeye alisikia kaya, ijapokuwa hakuna aliyependekeza kupiga kambi ndani ya kaya. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Mijikenda katika urithi wa dunia, na leo mgeni huingia Kinondo na mwenyeji wake, amefungwa kaniki kiunoni, na vilivyomo havichumwi. Kijana alieleza yote haya vizuri. Mama alimsikiliza, kisha akasema kwamba nyanyake alikuwa akiyajua kabla hao UNESCO hawajazaliwa, na kwamba mahali panapoingiwa kwa adabu hapalalwi kwa kukoroma, na baba yako, mwanangu, yuakoroma.

Ikabaki Ami. Ami ni ndugu wa marehemu baba mkwe, amekula chumvi nyingi baharini, kwanza kwenye majahazi kisha kwenye tagi za bandari, na desturi yake ni kuacha watu wachoke ndipo aseme. "Shimoni," akasema. Huko msitu umeota juu ya mwamba wa matumbawe, mizizi imeshika jiwe, na mwamba unaishia baharini. Mbele yako ni kisiwa cha Wasini. KWS, shirika la wanyamapori, ina kambi pale ndani ya miti, karibu na makao ya hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Mbega wako, pango la popo liko, na Waingereza wa ile kampuni yao ya IBEA walishaweka ofisi hapo wakati ambapo Nairobi haijawa hata kituo cha reli. "Na Wasini," akamalizia, akimtazama shemeji yake, "tuna watu."

Neno "watu" ndilo lililopitisha hoja. Tukiwa na watu Wasini, basi ile si kambi tena, ni ziara, na ziara Mama anaijua. Mume wangu alikuwa akitabasamu. Sidhani aliona kilichomtokea.

Tarehe ilichaguliwa na Ami kwa mwezi. Mume wangu alitaka mwezi mpevu, tukae nje usiku tukiuona unapanda baharini. Ami alimtazama kwa huruma. Mwezi mpevu ni bamvua, akamweleza, mtu na kazi yake ya bandarini. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano ndipo maji yanapokuja kwa nguvu: yanajaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na saa nne yamekwenda zake, na baina ya kujaa na kupwa huweza kufika karibu mita nne. Watoto wakiamka, wanywe chai, wavae nguo za kuogelea, bahari haipo. Kuna mwani na mikuki ya matumbawe. Na mkondo wa Wasini wakati wa bamvua unavuta, na Agosti hii ni kusi, huko nje kumechafuka. Twende mwezi ukiwa wa siku nane au tisa, maji mafu, bahari iwe na adabu. Sijui ni wangapi kati ya wanaopanga safari za aina hii kwa kutazama kalenda ya ukutani huwa wanajua kwa nini picha zao zinatoka bila maji.

Hema tulilipata kwa jirani wa dirisha. Kakake ni mpishi katika hoteli moja ya kusini, na wageni waliokuwa wakirudi kwao walimwachia hema la watu wanne pamoja na mfuko wake wa kijani. Jirani alilipitisha dirishani, kutoka mikononi mwake hadi mikononi mwa wifi yangu, juu ya kichwa cha muuza mboga. Ndivyo tunavyopeana vitu mtaani: chumvi, sufuria, mtoto mchanga.

Kijana alisema lazima lijaribiwe. Bondeni hakuna udongo wa kupigia kigingi ila uwanja wa Makadara, na Mama hakukubali familia yake ionekane Makadara ikijenga kibanda hali Idi imepita. Likapelekwa juu ya nyumba, kwenye sakafu ya saruji palipo na tangi la maji na kamba za kuanikia. Vigingi havikuingia kwenye saruji. Kijana akalifunga pembe moja kwenye miguu ya tangi, moja kwenye dishi la televisheni, moja kwenye gunia la makaa, na ya nne akamkabidhi mdogo wake aishike. Likasimama. Mama alipanda ngazi zote hizo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mvua za El Nino za 1997 zilipotoboa dari, akaingia ndani, akaketi, akalikagua.

"Linanuka Mzungu," akasema. Akaagiza chetezo.

Chetezo kilipokuja na udi wake, mtoto aliyeshika pembe ya nne alipiga chafya, akatumia mikono yote miwili. Kusi ya alasiri iliingia kwa chini. Namshukuru Mungu kwamba Mama alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni akipunga moshi. Dishi lilipinda, gunia la makaa likaburutwa, na miguu ya tangi ikateleza kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha kung'oa bomba. Maji ya Mombasa yanatoka mbali: kuna ya Baricho, kwenye mto Sabaki, na kuna ya Mzima, kule Tsavo, zaidi ya kilomita mia mbili. Sijui yetu yalikuwa ya wapi. Tulikuwa tumeyangoja tangu wiki iliyopita, na sasa yalishuka ngazini mbele ya macho yetu, yakapita sebuleni, yakatoka barazani kwa vijana wa Arsenal.

Hema lenyewe lilivuka uchochoro likatua juu ya nyumba ya jirani, kwa mwenye nalo, juu ya papa aliyekuwa ameanikwa. Jirani alichungulia. "Kama hamlitaki," alisema, "mngesema tu."

Wifi yangu alicheka. Jirani hakucheka.

Wakati huo mume wangu alikuwa amewapigia simu watu wa kambi kuuliza kuna nini huko na kunakosekana nini. Jibu lilikuwa fupi na la haki: mje na kila kitu chenu. Kwa maoni yangu mtu huyo, popote alipo, asiwahi tena kumwambia maneno hayo mtu wa Mombasa. Mume wangu aliyafahamu kuwa ni tochi, maji ya kunywa na mkate. Mama aliyafahamu yalivyo. Kila kitu chetu. Seredani na gunia la makaa, lile lile. Mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa wali usio na tui hauliwi hata msituni. Sufuria kubwa ya pilau, kwa kuwa ndogo inaungua. Birika la kutawadhia, kata, besheni, majamvi, chupa mbili za chai, chetezo, udi, ubani, bizari za Marikiti zilizosagwa mbele ya macho yake, na godoro la pamba, maana mgongo wake na ardhi hawajawahi kujuana na huu si umri wa kuanza. Vilipangwa ukumbini. Aliyetaka kwenda chooni usiku alipita juu yake.

Na penye sufuria ya pilau, watu huja wenyewe. Wifi alikuwa ndani tangu mwanzo, nani atapika? Ami ndiye aliyetoa tarehe. Binti yake Ami yuko likizo. Kuna shangazi wa King'orani ambaye akisikia tumekwenda bila yeye atanuna mpaka Ramadhani, na akija yeye anakuja na wajukuu. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, na kila jioni nilimwona mume wangu ameketi ukingoni mwa kitanda na simu, akiongeza jina. Gari dogo la rafiki yake likawa halitoshi. Ikakodiwa nisani ya abiria kumi na wanne. Kikaundwa na kikundi cha WhatsApp, na mchango wa M-Pesa, na mweka hazina. Alipojitoa kwenye kikundi ili alale kidogo, dada yake alimrudisha.

Nilimwambia, tukiwa chumbani, kwamba bado angeweza kusema hapana.

"Nimwambie nani?" aliniuliza, na jibu la hilo sikuwa nalo.

Leso zilikuwa wazo la wifi. Safari ya watu wengi hivi bila sare ni fujo, alisema, na Biashara Street iko pale, hatua chache. Ndiyo barabara ambako Kaderdina Hajee Essak alianzisha duka lake mwaka 1887, na leso zake zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zimefunga viuno vya pwani yote hii. Siku hizi wapo pia wanaochapisha leso za harusi kwa oda ndogo na jina unalolitaka mwenyewe. Wifi alikwenda na mchango wetu, akarudi na leso za kijani na nyeupe, mikorosho pembeni, na jina lake limeandikwa kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya Nyali: NALALA MSITUNI, LAKO NINI MTAANI.

Jina lilimfurahisha kila mtu. Zikafuliwa kutolewa wanga, zikaanikwa juu, zimejipanga safu nzima kwa kusi, zikipepea usoni mwa dirisha la jirani.

Dirisha likafungwa. Muuza mboga aliona, vijana wa baraza waliona. Bondeni dirisha lililofungwa mchana wa Agosti ni tangazo. Jioni mtoto wa jirani alibisha mlango akasema mama yake anaomba hema lake, kakake anakuja kulichukua. Lilikuwa bado juu ya nyumba yake, tangu liliporuka. Maana yake ni kwamba alikuwa ametuma mtoto aje aombe kitu alicho nacho, ili tu tujue ameomba.

Mume wangu, nadhani, alipata matumaini. Bila hema hakuna kambi. Bila kambi, na dirisha la jirani limefungwa, labda baada ya zamu yake ya usiku angepata usingizi. Aliwahi hata kulala saa nzima. Lakini Mama hakuwa amesaga bizari ya pilau ya watu wote hao ili aitie kopo. Alivaa buibui, akapakua sahani ya mahamri na bakuli la mbaazi, akaniita nimbebee, tukavuka.

Tulikaribishwa. Chai ililetwa. Watu wazima hawaanzi na ugomvi. Tulianza na bei ya unga, tukaja kwa goti la Mama, tukafika kwa mwana wa jirani aliye Muscat. Mama akasema leso ile ni ya mzaha wa watoto, na jina halikumlenga mtu, na angalikuwepo yeye pale Biashara Street wangalichapisha dua.

"Jina zuri," jirani alisema. "Jina sina neno nalo." Akakoroga chai ambayo alikuwa ameshaikoroga. "Nimetoa hema langu. Hema limerushwa juu ya papa wangu, nimenyamaza. Nafungua dirisha naona leso za shangazi wa King'orani, leso za wajukuu wa King'orani. Yangu ndiyo sijaiona."

Mama alinitazama. Nilirudi nyumbani nikachukua leso yangu mwenyewe, bado ina ubichi upindoni, nikampelekea. Alijifunga papo hapo juu ya dera. Akauliza tunaondoka saa ngapi, na kama tuna achari, kwa sababu ya kwake ya ndimu imeiva.

Dereva wa nisani alipoona mizigo alishauri tupite Dongo Kundu, barabara kavu, hakuna kushuka. Shauri zuri. Lakini binamu yake Ami alikuwa akitungoja Likoni na gunia la nazi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba nazi Shimoni ziko. Tukaenda ferini. Mama hapandi feri bila kusoma Yasin, tangu Aprili 1994 ile ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa maji. Kwa hivyo aliteremshwa kwanza, akapewa nafasi, akasoma. Abiria wa matatu hushuka garini wakavuka kwa miguu, ndio utaratibu. Dereva naye alisema sufuria imemzibia kioo cha nyuma, ishuke. Seredani imemwekea makaa kwenye kiti, ishuke. Hema lilikuwa limefungwa juu kwa kamba na lilikwishaanza kucheza, likashuka.

Basi tukateremka mteremko wa feri, mchana, katika watu wale wote: mbele Ami na fimbo yake, nyuma yake wanawake wa leso sare, kijani na nyeupe, jirani akiwa wa kwanza kwa kuwa ndiye mwenye hema, sufuria ya pilau juu ya kichwa cha kijana wetu, chetezo mkononi mwa shangazi, ambaye hakutaka kukiweka garini kisivunjike. Mimi peke yangu sikuwa na sare. Mume wangu alikuja mwisho kabisa, kanzu mpya aliyolazimishwa na dada yake, macho mekundu ya zamu, na ule mfuko mrefu wa kijani ameukumbatia kifuani.

Feri haikuwa imefika katikati ya mlango wa bahari mwanamke mmoja mwenye kikapu cha embe alipopiga kigelegele. Kikajibiwa upande wa pili. Kijana wa njugu alianza kupiga ndoo. Wifi yangu, ambaye hajawahi kukiacha kigelegele kipite bila kukijibu, alikijibu, na hapo hapakuwa tena na wa kutuelewesha.

"Harusi ya wapi?" mzee mmoja alimwuliza Mama.

"Shimoni," Mama akasema. Hakusema uwongo kuhusu mahali.

"Bwana harusi ndiye huyu?"

Mama alimtazama mwanawe kutoka juu hadi chini, na mfuko wake. "Ndiye," akasema. "Mchovu kidogo."

"Na bibi harusi?"

Jirani alinyosha kidole kwenye mfuko wa kijani, akasema ni mgeni, katoka kwa Wazungu, na ametufahamisha kwamba halali ila penye miti. Watu walicheka sana. Mzee yule aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya shilingi mia mbili, akaichomeka kwenye zipu ya hema kwa adabu zote za kutunza, na wengine wakafuata, hamsini hamsini, mia mia, mpaka tulipogusa Likoni. Mume wangu alifungua mdomo aeleze. Ami, ambaye alikuwa ameshaanza kuzikusanya, alimwambia afunge, kwa sababu binamu wa nazi alikuwa amesimama pale ng'ambo na mkewe, na watoto wao, na mabegi yao, na ilikuwa lazima ikodiwe nisani ya pili.